Kustaafu na kuishi kwenye RV huku mkijitolea kambini: aliyejaribu atuambie ukweli

Babake Mwende, Dallas

Hamjambo wenzangu. Nina miaka 64, mama watoto ana 62, na mwakani tunaacha kazi sote wawili. Watoto wameshaenda zao, nyumba imebaki kubwa kama shule wakati wa likizo, na kodi yake inapanda kila mwaka.

Sasa kuna Mmarekani tuliyefanya kazi naye aliyeuza nyumba akanunua RV, ile nyumba ya magurudumu. Yeye na mkewe wanazunguka nchi wakijitolea kwenye kambi za mbuga, zile watu huenda kulala na mahema na matrela. Ananiambia hawalipi hata senti ya kiwanja. Wanapewa umeme, maji na mahali pa kuegesha, na wao wanafagiafagia kidogo. Picha anazonitumia ni za bahari na machweo tu, hakuna hata moja ya ufagio, ndiyo maana nina wasiwasi.

Je, kuna Mswahili yeyote humu ambaye ameishi hivyo? Siku inaendaje kutoka asubuhi hadi jioni? Pesa zinatosha? Na sisi watu weusi tunapokelewaje huko vichakani? Mama watoto anasema hakuja Amerika miaka 30 iliyopita ili azeekee ndani ya gari.

Kijana wa Alief

Mzee, kwa heshima zote, hiyo hela ya RV si ukamalize ile nyumba ya Machakos? Kufagia kambi bure ukiwa na miaka 65, hapana. Mama watoto ana hoja.

Bibi wa Magurudumu

Babake Mwende, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa, maana mimi mwezi wa tatu nimetimiza 69. Ni mtoto wa Tanga, nesi mstaafu wa Houston, na mzee wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Huu ni mwaka wetu wa nne barabarani. Baridi tunakuwa Texas ya pwani, Goose Island karibu na Rockport. Joto likianza tunapanda hadi Oregon, Bullards Beach karibu na mji wa Bandon. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nianze na huo "kufagiafagia kidogo". Bullards Beach kuna yurti zaidi ya kumi, yale mahema ya duara yenye sakafu ya mbao na vitanda ndani, watu wanakodi. Wageni wanatakiwa kutoka saa saba mchana, wapya wanaingia saa kumi. Kwa hiyo una masaa matatu. Mimi na mama mwingine tunagawana. Unaingia na ufagio, ndoo, matambara na dawa ya kupulizia magodoro. Mchanga wa pwani uko kila mahali, hata kwenye fremu ya dirisha, sijui wanaupandishaje kule. Chini ya kitanda cha ghorofa lazima ulale kifudifudi uchungulie: soksi za watoto, chaja za simu, siku moja nilikuta meno ya bandia yamefungwa vizuri kwenye leso. Lakini adui yangu ni zile pipi laini nyeupe wanazochoma motoni. Zikidondoka sakafuni na kukanyagwa, ufagio hauzitoi, maji ya moto yanazisambaza. Ninazikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Nimeshamaliza kadi tatu.

Asubuhi, kabla ya yurti, ni mafiga. Kila kiwanja kina pete ya chuma ya kuwashia moto, na mgeni akiondoka inabidi uitoe majivu kwa sepetu na kuyatia kwenye ndoo ya chuma. Hapo ndipo unesi wangu unaponiamka. Watu wa pwani wana tabia ya kufukia makaa kwa mchanga wakidhani wameyazima. Makaa yakifukiwa hayazimiki, yanalala tu. Nilishamhudumia mtoto wa miaka minne aliyekanyaga mchanga wa namna hiyo pekupeku, wazazi wake wamefika kiwanjani dakika kumi tu zilizopita. Siku hizi kila pete nainamia, nasogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Nikisikia joto, namwaga maji, nakoroga, namwaga tena hadi isisikike ile "shhh". Mzee wangu ananicheka, anasema natembelea wagonjwa wodini.

Yeye kazi yake ni kuzunguka na kile kigari cha umeme kama vya gofu, kuuza mafungu ya kuni, kubandika majina ya waliohifadhi viwanja, na kupiga soga. Hasa kupiga soga. Na kuwaeleza watu kwa nini hawatakiwi kuja na kuni kutoka kwao mbali, kwamba ndani ya kuni husafiri wadudu wanaoua misitu. Kuna mdudu mmoja wa kijani kutoka Asia aliyemaliza miti ya mivinje-jivu kwa mamilioni (jina la mti nimelibuni, mnisamehe, kwetu Tanga haupo). Mzee anaieleza kama hadithi ya sungura na fisi, watu wanaondoka wamenunua mafungu mawili.

Siku za zamu ya mnara wa taa ndizo nizipendazo. Pale kambini kuna mnara mdogo mweupe wa mto Coquille, uliojengwa 1896 na kuzimwa 1939, na wakati wa joto sisi wa kujitolea tunawafungulia wageni. Mimi minara ya taa naijua tangu Ulenge, nilikuwa naiona nikienda na baba baharini. Nikiwasimulia hayo, watoto wa Oregon wananikodolea macho.

Kwa wiki tunafanya kama masaa 25. Siku mbili tatu ni zetu kabisa.

Kuhusu rangi, nikuambie nilivyoona mimi, mwingine anaweza kuona vingine. Wakubwa wa mbuga na wenzetu wa kujitolea hawajatupa shida. Wageni ni mchanganyiko. Limenitokea zaidi ya mara tatu: nimesimama mbele ya trela yetu, nimevaa fulana ya kujitolea, kofia ya mbuga, simu ya upepo kiunoni, pembeni yangu kibao kimeandikwa mwenyeji wa kambi, na mtu anakuja kuniuliza mwenyeji yuko wapi. Namjibu, "Nikuitie?" Nazunguka nyuma ya trela, natokea upande wa pili, nasema karibu, nikusaidie nini. Wengi wanacheka na kuona haya. Mmoja hakucheka. Barabarani, usiku, hatulali mahali tusipopajua. Dereva wangu ana sheria hiyo tangu enzi za malori: jua likizama, magurudumu yamesimama.

Kijana wa Alief, wewe nyumba ya Tanga tumeshamaliza, ina vigae. Panya ndio wanakaa.

Fundi wa Baridi, Minnesota

Bibi umenena. Naongezea kwa mwenye swali: kujitolea hakuleti pesa, kunapunguza tu matumizi. Ukitaka hela kuna kazi za msimu za watu wa RV. Mimi nilikwenda kwenye mavuno ya viazisukari, vile vinavyotengenezwa sukari, Bonde la Red River huku mpakani na North Dakota. Huanza karibu tarehe 1 Oktoba. Zamu masaa 12, mchana au usiku, unasimama malori yanapomwaga viazi, unachukua sampuli, unaelekeza madereva. Mvua ikinyesha au joto likizidi mnasimamishwa, mnarudi kwenye RV kulala. Ni wiki mbili tatu hivi. Matope yanaganda kwenye buti hadi unarefuka. Nilirudi nyumbani mgongo hauniheshimu, lakini bahasha ilikuwa nene.

Pia mkitimiza 62 nunueni ile kadi ya wazee ya mbugani, Senior Pass. Dola 80, ya maisha. Kambi zote nusu bei.

Bibi wa Magurudumu

Fundi, hapo kwenye "zote" nakusahihisha kwa upendo. Ile kadi ni ya serikali kuu: mbuga za taifa, misitu ya taifa, maziwa ya mabwawa yanayosimamiwa na wahandisi wa jeshi. Kwenye kambi nyingi za huko ndiyo, nusu. Lakini mbuga za majimbo haiziingilii. Kila msimu ananijia mzee na kadi yake mkononi, namwambia baba, hapa ni Oregon, ananuna kana kwamba sheria nimeitunga mimi.

Kuhusu pesa. Tukiwa tumetulia mahali, gharama zetu ni chakula, simu, intaneti, bima na dizeli ya kwenda sokoni. Umeme na kiwanja hatulipi. Mwezi wa kuhama ndio unauma. Kutoka Rockport hadi Bandon ni kama maili 2,400, pikapu ikiwa inavuta trela inakula galoni moja kwa maili 10, dizeli iweke dola 4, piga hesabu mwenyewe. Halafu matairi. Mwaka wa kwanza tulinunua trela kuukuu, futi 30, matairi yanang'aa kama viatu vya Idi. Muuzaji akatuhakikishia. Tukiwa Texas magharibi, mchana wa jua kali, moja likapasuka na kung'oa bati la ubavuni pamoja na bomba la maji. Mzee, dereva wa miaka 26, aliona aibu kuliko hasara, maana hakuwa ameangalia tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndefu, tarakimu zake nne za mwisho ndiyo tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka. Letu lilisema 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014! Na sisi tulikuwa 2022. Tairi la trela halifi kwa kuchakaa, linafia palepale limesimama, linaoza kwa jua. Msinunue chochote kabla ya kupiga magoti na kusoma hizo namba.

Na hakikisheni makubaliano yako kwenye maandishi. Kuna kambi moja, siitaji, tuliahidiwa masaa 20 na kiwanja chenye maji, umeme na bomba la maji taka. Kufika, bomba la maji taka halipo, na masaa yakawa 35 kwa sababu wenyeji wengine wawili waliondoka. Tulivumilia wiki tano. Nilichojifunza: kabla ya kusema ndiyo, uliza masaa ni ya kila mtu au ya wawili kwa pamoja, nani anasafisha vyoo, na bomba la maji taka liko kiwanjani kwenu au mnalifuata.

Sasa nikusimulie jambo moja la Goose Island, maana nimetaja shida tu. Kule kuna mwaloni mmoja wa zaidi ya miaka 1,000, na wakati wa baridi ng'ambo kidogo, hifadhi ya Aransas, wanakuja wale korongo weupe warefu kutoka Kanada, safari ya kama kilomita 4,000. Mwaka 1941 kundi hilo lilibaki na ndege kama 15 tu. Leo ni mamia. Alfajiri ya utulivu, wakipita juu, sauti yao ni kama tarumbeta ya harusi iliyosikika kwa mbali.

Basi Pasaka ya mwaka juzi likaja basi la kanisa, watu kama thelathini. Saa nne usiku ni kimya, ndiyo sheria. Saa nne na robo jirani yao akaja kugonga kwangu, kuna spika, kuna kwaya, yeye hawezi kulala. Nikavaa fulana, nikachukua tochi. Ninapokaribia nasikia mwanamke anamwambia mwingine, "Weka maji ku moto, tunywe chai." Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Hodi wenyewe!"

Palinyamaza kama umeme umekatika. Kisha mzee mmoja, "Karibu... ni nani huyo anasema Kiswahili?" Wakongo wa Kivu, wanaishi Houston, wengine walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Spika waliizima kabla sijaomba. Nilikalishwa kwenye kiti, nikapewa ugali na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa moto wa kuni, sombe waliyobeba kutoka duka la Houston ikiwa imegandishwa. Mama mmoja akauliza kama mimi ndiye mwenye kambi. Nikasema mimi mfagiaji tu. Akasema, "Basi mfagiaji ametufikia, kula." Niliporudi mzee wangu ananiuliza kama kunyamazisha watu siku hizi kunachukua masaa mawili.

Babake Mwende, Dallas

Shikamoo Bibi, sasa naitoa rasmi. Nimemsomea mama watoto yote. Kwenye meno ya bandia alicheka, kwenye tairi akanitazama. Ana maswali matatu, na nimeambiwa niyaandike kama alivyosema. Moja: choo. Hataki picha za machweo, anataka kujua choo. Mbili: tukitaka kwenda nyumbani Kenya miezi miwili, trela na Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, vinakuwaje? Tatu: watu wa nyumbani mliwaambiaje?

Bibi wa Magurudumu

Marahaba. Mwambie mwenzako ameuliza maswali ya mtu mzima.

Choo. Chini ya trela kuna matangi mawili ya maji machafu: moja la choo, moja la sinki na bafu. Mnavaa glavu, mnaunganisha bomba nene kwenye shimo la kiwanja. Mnafungua la choo kwanza. Likiisha, mnafungua la sinki, yale maji ya sabuni yanasuuza bomba. Ukikosea mpangilio utajua. Kosa la wageni wote ni kuacha valvu ya choo wazi kwa sababu bomba liko hapohapo. Maji yanaondoka, yaliyobaki yanabaki, yanajengeka mlima humo ndani, na mlima huo hautoki kwa maombi. Valvu ikae imefungwa, muifungue tangi likifika kama theluthi mbili. Maji yawe mengi kila mkivuta. Karatasi ya choo mjaribu kwanza: tia vipande kwenye chupa ya maji, tikisa. Ikisambaratika, ni hiyo. Na mpira wa maji ya kunywa mkae nao mbali kabisa na mambo haya, wetu ni mweupe na mzee haruhusiwi hata kuuweka sanduku moja na glavu zake. Kwetu hiyo kazi ni yake. Mimi nimefanya unesi miaka 31, nimeshalipa deni langu.

Kwenda nyumbani. Sisi tunakwenda Tanga kila baada ya mwaka mmoja, Novemba, katikati ya misimu. Trela inakaa kwenye maegesho ya kulipia, betri zimetolewa, chakula chote kimetolewa (siku moja nilisahau pakiti ya dagaa, sitaki kulizungumzia). Ila Medicare haivuki bahari, ugonjwa wa huko ni mfuko wako au bima ya safari. Hata humu ndani ya Marekani muwe macho. Ile mipango ya Medicare Advantage mingi ina mtandao wa madaktari wa eneo lenu, sasa mkiwa Oregon na mtandao uko Dallas, huenda mkalipiwa matibabu ya dharura tu. Sisi tulibaki na Medicare ya asili pamoja na bima ya kujazia. Ni ghali zaidi kwa mwezi, lakini goti langu limeangaliwa majimbo manne. Mkikaa Texas kisheria mmepona, haina kodi ya mapato ya jimbo, na kuna klabu ya Escapees mjini Livingston inayopokea barua za watu wasio na nyumba kama sisi na kuzituma mlipo.

Watu wa nyumbani. Hapo tulikosea. Mzee alituma picha kwenye kundi la ukoo, tumekaa nje ya trela, bila maelezo. Kesho yake shemeji yangu wa Muheza ameanzisha mchango! Ameandika, "Ndugu zetu wamefikwa, wanalala garini, tusiwaache." Watu walishaahidi laki nne na sitini kabla sijaamka, maana huku kulikuwa usiku. Nilipiga simu nikaeleza, akasikiliza, akanyamaza, akasema, "Haya dada, lakini kama kuna jambo, usinifiche." Mpaka leo akipiga simu ananiuliza kwa sauti ya chini, "Bado mko humo?"

Jambo dogo ambalo hamkuuliza. Nyumba ikihama, kibla nayo inahama. Kila tukifika mahali, mzee akishasawazisha trela kwa pima maji, mimi natoa dira, natafuta kaskazini mashariki, nabandika utepe wa rangi sakafuni kati ya kochi na jiko. Mahali pengine inaangukia mlango wa friji. Na Oregon mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu usiku, ukimaliza magharibi muda wa kimya umekaribia, ukiisubiri isha unasinzia kwenye msala. Samaki wa kukaanga ni nje tu, ndani king'ora cha moshi hakina adabu.

Mwambie mama Mwende asiuze kitu. Kodini trela mwezi mmoja, ombeni nafasi kwenye mbuga moja ya karibu, ziko Texas tele, za serikali kuu zinatangazwa kwenye tovuti ya Volunteer.gov. Watawachunguza rekodi zenu, ni kawaida. Na uchagueni mwezi wa mvua, msichague wa maua. Siku ya nne mvua inanyesha, mko wawili ndani ya futi 30, mmoja anataka taarifa ya habari na mwingine anataka kulala. Sisi siku hiyo tulinuniana hadi mzee akaenda kukaa kwenye pikapu na thermosi ya chai. Bado huenda, kila mvua ikizidi siku tatu. Nampelekea maandazi dirishani, anashusha kioo, anasema asante sister kama niko wodini.

Naacha hapa, kuna mtu anagonga anataka kuni.

Babake Mwende, Dallas

Asante sana Bibi. Amesoma mwenyewe mara mbili. Uamuzi umetolewa: mwezi mmoja, Februari, trela ya kukodi, nyumba haiguswi. Glavu ameshaninunulia.